Kuku Wangu wa Shingo Tupu

Juzi niliingia duka la dawa za mifugo hapo Githongo, nikatoka na kachupa kadogo ka chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kamefungwa na barafu ndani ya gazeti. Msichana wa duka akaniambia nitembee haraka, dawa isipate joto. Rafiki yangu, kwa haya magoti yangu, kutembea haraka ni maombi tu. Lakini nilijikaza, na ile barafu iliponichoma mkono nikajikuta nimerudi utotoni, kwa boma ya nyanya.

Kuku wa nyanya walilala jikoni, nyuma ya kuni. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuwafungulia na kufagia, macho yakiwasha kwa moshi, huku mukimo wa jana ukipashwa moto kwa sufuria. Alikuwa na kuku wekundu, wazito, wa kutembea kama wazee wa kanisa. Kila mjukuu alipewa kuku wake. Mimi, ambaye shule niliiacha darasa la saba ama iliniacha, tunabishana mpaka leo, nilipewa kuku wa kulingana na maksi zangu: shingo haina manyoya, kidole kimoja kiliungua kwa jiko. Nilimpenda sana. Tulifanana.

Mwaka wa nyuma yake kideri kilikuwa kimepita kijijini kikafagia. Watu walimwita daktari wa mifugo wakati kuku wameshaanza kupinda shingo. Akawawekea dawa, wakakufa hivyo hivyo. Basi kijiji kizima kikaamua ni dawa imewaua.

Daktari hakuchoka. Alirudi kabla ya baridi, kuku wakiwa wazima, akapita nyumba kwa nyumba akieleza. Alisema ndani ya dawa kuna kile kijidudu chenyewe cha kideri, lakini kimenyang'anywa nguvu. Mwili wa kuku unapigana nacho, unakijua, na siku kile kikali kinakuja unakuta umejitayarisha. Kuku ambaye ameshagonjeka hana wakati wa kujifunza. Nyanya alimwekea chai, akaitikia kila neno kwa heshima. Daktari alipotoka, akacheka.

Sasa, chupa ikifunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Kwa hivyo siku ya chanjo wote waliokuwa wamemwamini daktari walileta kuku kwa boma yetu, wengine kwa kiondo, kile kikapu cha kusukwa, wengine wamewafunga miguu na kamba ya mgomba, kelele mpaka ng'ambo ya mto. Nyanya naye, kabla hakujapambazuka, alikuwa amewaficha wale wekundu kwa ghala, chini ya magunia ya kahawa. Lakini kumrudisha mgeni bure ni aibu, lazima atoe kitu. Akatoa wangu. Nililia mpaka kamasi.

"Nyamaza," akaniambia polepole. "Huyu akikufa, hatujapoteza kitu."

Jirani mmoja, mtu wa mdomo, akauliza kama hiyo ni kuku ama ni kunguru amebatizwa. Watu wakacheka, mimi nikazidi kulia. Daktari hakucheka. Alimlaza kichwa kando, akaweka tone moja kwa jicho, akangoja apepese ndio amwachilie. Siku zilizofuata nilimlinda kama mtoto mchanga, nikingoja akufe. Akawa anakula tu.

Baridi ikaingia, ile ya ukungu wa kutoona choo. Mtu akaleta kuku wa soko, na kideri kikaja nao. Wale wekundu wakaanza kushusha mabawa, wakihema mdomo wazi, wakihara kijani. Walienda mmoja mmoja mpaka wakaisha. Kwa wale majirani waliopeleka kuku wao wote, jogoo waliendelea kuwika. Na huyo wangu alikunywa maji kwa sufuria moja na wagonjwa, akapita katikati yao akichakura.

 Jioni moja nyanya akaja, akaketi kwa kastuli kangu. Huyu ni mtu hajawahi kuomba mtoto kitu.

"Mjukuu wangu, kuku wako akitaga, utanipea mayai tuatamishe?"

Nikamwambia wacha nifikirie. Alicheka mpaka akajipangusa macho na leso.

"Fikiria haraka. Mimi nimezeeka."

Daktari aliporudi kuchanja vifaranga, nyanya ndiye alikuwa wa kwanza kwa lango, na ndiye aliyekuwa akichungulia ghala za wengine akiuliza wameficha nini. Boma yetu ikajaa shingo tupu, na yule jirani akasema tumefungua kanisa la kunguru.

Basi juzi nikachanja wangu peke yangu. Ni wachache, na kachupa ni ka kuku mia. Nikatoka mpaka barabarani niulize nani ana kuku, alete kabla dawa haijaharibika. Nilikuta mageti ya chuma. Kijana mmoja akachungulia, akaniambia kwa adabu kwamba wao mayai wananunua.

Nikarudi. Wa mwisho alikuwa na shingo bila manyoya, nikamlaza kichwa, nikaweka tone, nikangoja apepese. Halafu nikakaa na ile chupa mkononi mpaka barafu yote ikayeyuka, nikisikiliza kama kuna mtu anakuja na kiondo.