Niliweka Maua Meupe Kando ya Picha ya Mume Wangu, Sasa Naambiwa Nilimwitia Kifo

Admin, naomba unisamehe kwa kuchelewa. Nimeandika ujumbe huu nikaufuta, nikaandika tena, nikafuta. Niliona aibu, na pia nilidhani jambo litaisha lenyewe. Halijaisha. Ficha jina langu tafadhali, na nyie mnaosoma mnivumilie, shule yangu iliishia kidato cha pili.

Nina miaka ishirini na minne, mama wa mtoto mmoja wa kike aliyetimiza miaka miwili juzi. Kwetu ni Mbuji, huko juu, ila nimeolewa huku ziwani, tunaishi Mbamba Bay. Mume wangu yuko kwenye boti ya mizigo, anaweza kuondoka siku nne au tano. Kabla sijaolewa nilikuwa nasafisha kwenye nyumba moja ya wageni, na mama mwenye nyumba ile ndiye aliyenifundisha maua: kukata shina mshazari, kutoa majani yanayozama, kubadili maji kila asubuhi. Nilipoaga alinipa vyombo viwili vya kioo vya kuwekea maua. Sikuja kwa mume na kabati wala kochi, nilikuja na hivyo.

Mama yangu ana waridi na yale maua makubwa meupe ya kanisani, kule kwenye baridi yanastawi. Akipata Hiace inayoshuka huku ananitumia ndoo, maji kidogo chini, maua yamesimama. Mnaweza kucheka. Lakini mimi nikishinda juani naanika usipa wa watu, hawa dagaa wetu, mtoto mgongoni, nikirudi nikakuta maua mezani, nahisi na mimi nina kwangu.

Siku hiyo mume wangu alikuwa arudi jioni. Nilifagia, nikatandika kitambaa, nikaweka katikati ya meza picha yake ya siku ya harusi, ile amesimama peke yake na suti. Chombo kimoja kulia, kingine kushoto, maua meupe matupu. Niliona pamependeza. Mungu ni shahidi, sikuwaza kingine.

Saa nne asubuhi mama mkwe akatokea kutoka kijijini kwake Kihagara bila taarifa. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alikuwa anaitazama meza. Mfuko ukamdondoka, akakaa sakafuni, mikono kichwani: "Mwanangu jamani! Mmenificha! Mwanangu mimi!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Huku kwetu picha ya mtu huwekwa katikati ya maua meupe siku moja tu, siku anapoagwa. Nikamshika, "Mama, ni mzima! Yuko kazini!" "Basi mpigie nimsikie!" Nikapiga, simu haipatikani, maana huko ziwani mtandao hakuna. Ikawa mbaya zaidi.

Majirani wakajaa, khanga viunoni. Mmoja alikuja na mzigo wa kuni za msiba kichwani. Nilipowaeleza wengine walicheka, na yule wa kuni akaniuliza, "Sasa shoga, nirudi nazo au niziache tu?" Mama mkwe hakucheka. Alisema, "Nyumba ikishaliliwa imeliliwa."

Jioni ile mume wangu hakufika. Kesho yake hakufika. Siku ya tatu akapiga: injini iliharibika, wakaelea mpaka boti nyingine ikawavuta. Mzima kabisa, ana njaa tu. Mimi nililia kwa furaha. Mama mkwe akaniambia, "Umeona, binti wa milimani? Ulikiita kifo, kikaenda kumgusa."

Siku hiyohiyo akambeba mwanangu kwenda naye Kihagara. Mtoto halali kwenye nyumba iliyoliliwa mpaka isafishwe, ndivyo alivyosema. Mtoto kukaa kwa bibi si ajabu, kwa hiyo hakuna anayeona kosa. Ila leo ni wiki ya sita. Na mama mkwe amenipa sharti la kuisafisha nyumba: nivunje vyombo vile ufukweni mbele ya wazee, kisha nitamke kwa mdomo wangu kwamba nilimtakia mume wangu kifo.

Vyombo nitavunja. Ni vioo. Maneno hayo sitayatamka. Mume wangu ananiambia, "Mke wangu, mimi siamini hayo mambo. Sema tu yaishe, ni maneno." Nikamjibu, "Nikisema leo, siku ukiumwa malaria watasema, 'Si alikiri mwenyewe!' Ukichelewa tena ziwani, ni mimi. Ukifa mzee na mvi zako, bado ni mimi. Na binti yetu ataitwa mtoto wa yule mama." Halafu akasema, "Ni mama yangu. Nifanyeje?"

Nimeshakwenda Kihagara mara mbili. Mara ya pili mwanangu alinitazama kwanza kama mgeni, ndipo akaja. Wakati wa kuondoka aling'ang'ania sketi yangu, bibi akambandua kidole kimoja kimoja. Bibi si mkatili, jamani. Anamtolea miiba ya samaki kwa mkono wake. Anaogopa. Alishazika watoto wawili waliochukuliwa na ziwa. Kwa hilo siwezi kumchukia, na kwa hilohilo yeye hawezi kunisikia.

Sitaki mumtukane mama mkwe, wala msiniambie niachike. Nishaurini, na mnitumie haya. Mtu mzima wa huku ziwani aniandikie kama nyumba iliyoliliwa kwa makosa inaweza kusafishwa bila mtu kukiri uongo, na husemwa nini. Padri, mchungaji au katekista anirekodie sauti kwa Kinyasa, lugha ya huku ziwani, dakika mbili zinatosha. Mama mkwe hasomi ila simu anasikiliza. Anayejua mambo ya ustawi wa jamii anieleze namna ya kumfuata mtoto bila ugomvi. Na wewe baba yake, najua ukurasa huu unausoma: mimi nahitaji uniletee mtoto kabla ya Jumapili. Nguo zake ziache hukohuko, bibi ajue mjukuu atarudi kumtembelea.