Tangazo la Dakika Thelathini

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa moja na dakika kumi asubuhi, Elijah Ogweno aliwaambia redioni watu wa Sori, mji wa kando ya ziwa, kwamba gari la wagonjwa litawafikia kwa dakika thelathini. Alisoma kwa sauti ile anayotangazia misiba na bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, sauti ambayo watu wameizoea. Mkewe Celestine alikuwa nyumbani, kijijini Kogaja, mimba ya miezi minane, redio iko dirishani. Alimwamini.

Leo, Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karatasi ileile ya tangazo imewekwa tena mezani mbele ya Elijah.

Redio Wath FM ni chumba kimoja juu ya duka la nyavu. Kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Elijah, baba wa Caren, mwenye miaka 46, aliachia shule darasa la saba. Amekaa hapa miaka kumi na zaidi akicheza nyimbo za ohangla, akisoma salamu na vifo, akipokea simu za wasikilizaji. Analipwa shilingi elfu tisa kwa mwezi, zikija.

"Isome tu, omera, ndugu yangu," anasema meneja Clifford, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Ni sekunde arobaini."

"Si Dorine wa kipindi cha jioni asome?"

"Watu wa mradi wamekataa. Mkataba mpya unataka sauti yako. Wanasema ndiyo watu wanaijua."

Elijah anacheka bila kufurahi. "Hata Celestine aliijua."

Clifford anaangalia chai yake. "Mradi ndio unalipa stima yetu. Usiposoma, saa mbili uache funguo mezani. Si mimi, Elijah. Ni bodi."

"Haijawahi kuwa nyinyi. Kila siku ni mtu fulani ambaye hatumuoni."

Mradi wenyewe unaitwa Uzima wa Mama. Una gari moja jeupe, bendera mbili, na wakubwa wengi kuliko madereva.

Asubuhi ile ya Machi, jirani yao Rispa ndiye aliyekuwa na Celestine damu ilipoanza kumtoka. Mwana wa Rispa alikuwa ameshawasha pikipiki langoni.

"Nilimwambia, mama, panda nikushikilie, twende," anakumbuka Rispa. "Akaniambia, 'Barabara ya mawe hii itanimaliza. Wacha tungoje gari. Baba Caren amesema dakika thelathini, na Baba Caren hadanganyi kwa redio.'"

Pikipiki ikaenda zake kutafuta abiria. Rispa akapiga namba ya tangazo. Akaambiwa gari liko njiani. Akapiga tena, simu haikushikwa. Akapiga studio, laini imejaa watu wa salamu. Walingoja saa moja na dakika arobaini. Ilipopatikana pikipiki nyingine, Celestine alikata roho kabla ya kufika lami, na mtoto tumboni.

Elijah alikuwa hewani, anawasalimia watu wa Rusinga.

Tangu hapo amekwenda ofisi ya mradi mara tatu. Mara ya kwanza mkubwa alikuwa mkutanoni. Mara ya pili akapewa fomu. Mara ya tatu akapewa pole, na kalenda yenye picha ya gari.

Bintiye Caren, sasa gredi ya sita, huzima redio baba yake akiingia hewani. Anazungusha kitufe tu.

"Sitafuti pesa yao," anasema Elijah. "Nataka siku moja mtoto wangu aiache redio iwake. Nikisema ni saa moja, ajue ni saa moja."

Saa moja na dakika nane, wimbo unaelekea kwisha. Clifford amekuja karibu kabisa, anapumua juu ya bega lake. Elijah anavuta maikrofoni.

Anasoma. Haruki neno. Namba ya dharura anaitaja mara mbili kama karatasi inavyotaka. Clifford anashusha pumzi.

Kisha Elijah anatoa simu yake, anafungua spika yake, anaiweka mbele ya maikrofoni.

"Wasikilizaji, ndiyo hii namba. Tuipige pamoja."

"Wee! Elijah!" Clifford ananong'ona. Mkono wake umefika kwenye swichi ya kurusha matangazo.

Simu inaita mara saba. Mara ya nane, mwanamke anashika.

"Uzima wa Mama, tukusaidie vipi?"

"Naitwa Elijah Ogweno wa Redio Wath. Uko hewani, dada yangu. Tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, gari lenu lilikuwa wapi?"

"Ngoja nikuulizie."

Muziki wa kungojea unaanza, vinanda laini vya kizungu. Dukani chini, mtu aliyekuwa anapima nyavu amesogea hadi chini ya ngazi. Dakika moja. Dakika mbili. Studio nzima, na Sori nzima, inasikiliza wimbo ambao hakuna aliyeuomba. Kidole cha Clifford bado kiko kwenye swichi. Hakibonyezi.

Dakika ya nne, muziki unakatika.

"Haloo? Bado uko?"

"Niko."

"Samahani, ulikuwa unauliza nini?"

Elijah anaikaribia maikrofoni, sauti ileile ya misiba na omena.

"Gari lilikuwa wapi?"