Tamthilia Niliyomsomea Mama

Chumba chetu cha Guangzhou kilinuka jinzi mpya na gundi ya utepe wa kufungia mizigo. Mama alikuwa mfanyabiashara, akinunua nguo katika maduka ya Guangyuan Xilu na kuzisafirisha Unguja, na marobota yaliyokuwa yakisubiri kontena ndiyo yaliyokuwa makochi yetu. Baba alikuwa akisomea uhandisi kwa ufadhili. Mimi, Zuhura, mtoto wao wa pekee, nilikuwa na miaka tisa na shuleni nilijulikana kuwa bubu. Nyumbani nilisema kama chiriku. Lakini katika ile shule ya Kichina, ambako wenzangu walinivuta nywele siku ya kwanza wakaangua kicheko, niliufunga mdomo na sikuufungua tena. Mwalimu hakuchoka kumpigia Baba simu: mtoto hasemi, huenda haelewi chochote. Baba akakata shauri kwamba muhula ukiisha nirudishwe Unguja kwa Bibi. Nilimpenda sana Bibi, lakini kuachana na Mama sikuweza hata kukufikiria.

Msimu huo wa mvua Mama alirudi kutoka sokoni Liuhua amekumbatia kasha la diski, uso umemchangamka kuliko siku za sikukuu. Ilikuwa tamthilia ya zamani ya Waingereza, aliyoitazama utotoni mwake kwenye televisheni ya jirani, watoto wamejazana sakafuni na hakuna aliyeelewa neno. Aliitambua kwa picha ya juu ya kasha: jumba la mawe na mwanamke mwenye glavu nyeupe. "Yule laoban, mwenye duka, kanitajia bei. Namwambia tai gui, ghali mno, na huku moyoni najua hata akitaka viatu vyangu navua," alitusimulia, akicheka. "Leo nitajua yule mwanamke alikuwa akililia nini."

Jumapili mchana tukaketi juu ya marobota. Waingereza wale walizungumza kwa kumung'unya, nusu ya neno wanaitoa, nusu wanaimeza. Baba, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu vya mitambo, akajitia ukalimani.

"Anasema wanakwenda mjini kutembea."

"Mbona analia basi, Baba Zuhura?"

"Labda mji haupendi."

Chini ya skrini yalikuwa yakipita maandishi ya Kichina. Nilikuwa nikiyasoma tangu mwanzo, kimyakimya, kama nilivyofanya kila kitu siku hizo. Nikavumilia, nikavumilia, nikashindwa. "Hawendi mjini," nikasema. "Kaka yake kaiuza nyumba. Anamwambia ahame kabla ya baridi."

Baba akasimamisha picha. "Nani kakwambia?"

"Imeandikwa pale chini."

Akarudisha nyuma, akanitaka nisome tena, kisha mahali pengine, na pengine. Nikawa nasoma na kugeuza kwa Kiswahili, yule kaka nikampa sauti nzito ya kiburi, yule mwanamke nikamlilia kilio chake. Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Baba alichukua simu, akampigia mwalimu wangu, akanikabidhi. Nilijitaja jina kwa Kichina. Kwa kuwa sikujua la kuongeza, nikamweleza mwalimu habari za yule mwanamke na kaka aliyeiuza nyumba. Nilipotua kumeza mate, akauliza, "Kisha ikawaje?" Hapo nikajua nimeshinda, na nikamwaga yote. Jioni ile Baba alimpigia Bibi: "Zuhura haji tena, Mama. Tunaye." Nilirukaruka juu ya marobota kwa furaha, na hakuna aliyenikataza. Wiki iliyofuata akina mama wafanyabiashara wa Dar na Unguja walianza kuja kutazama, wakibanana kwenye mizigo, na nikichelewesha sentensi wananifokea. Shuleni nako nikawa msemaji hadi mwalimu akanihamisha dawati.

Siku hizi kutafsiri tamthilia za Kichina kwa Kiswahili ndiyo kazi yangu. Naifanya studio, vipokea sauti masikioni, peke yangu, na watazamaji wangu kila mmoja ameinamia simu yake. Juzi nikaitafuta ile tamthilia mtandaoni, nikaitazama bila maandishi, maana Kiingereza sasa hakinipigi chenga. Nilicheka hadi machozi. Kumbe walioandika kile Kichina nao walikuwa wakibahatisha kama Baba! Yule mwanamume si kaka, ni wakili wa familia, na mwanamke wetu, niliyewaambia akina mama kwamba mwishoni alisamehe yote, hamsamehe mtu. Nikampigia Mama, ambaye sasa ana duka lake Unguja, nikamweleza kila kitu.

"Wewe ulisema kaka, basi ni kaka," alinijibu. "Hayo mengine ni yao Waingereza. Mimi nilibaki na mwanangu kwa hayo uliyoyasema wewe."