Mkate wa Boga na Figo la Rowena

Wifi yangu Rowena Stadler hunywa maji kama mtu anayelipwa kuyanywa. Ukimtembelea atakupa kiti, atakuuliza habari za kwako, kisha atajimiminia bilauri kubwa na kuinywa mbele yako taratibu huku akikutazama, mpaka uanze kujiuliza umemkosea nini. Wageni humwona kituko. Sisi wa mlima wa Larkin tulimwona miaka ile alipokuwa akinyonya kipande cha barafu mchana kutwa, kwa kuwa madaktari walimpimia maji kama dawa, na hakuna anayemcheka. Au tukicheka, ni kwa furaha.

Nimeolewa na kaka yake, Clyde, kwa hiyo Rowena namjua tangu sote wawili tulipokuwa na viuno. Hakuwahi kuwa mtu wa maofisini. Kazi yake ilikuwa mkasi. Huku kwetu, kaskazini mwa California, watu wamelima bangi kama wengine wanavyolima viazi, kwanza kwa kuzikwepa helikopta za polisi, baadaye kwa ruhusa ya serikali. Ikishavunwa na kukauka, lazima mtu akae akate vijani vyote libaki ua tupu, na kwenye kazi hiyo hakuna aliyemfikia Rowena. Alikaa kwenye meza ya jikoni ya fulani au fulani, redio inaimba, mdomo unasengenya, mkasi haukosei. Msimu wa mavuno vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Wanawe wawili walisomeshwa na mkasi ule, na sasa wako mbali, mmoja fundi umeme, mwingine muuza nyumba, Mungu amsamehe.

Na alivuta, ndiyo. Nani huku hakuvuta? Kwetu ukimtembelea mtu anakupitishia msokoto kama kwingine wanavyokupa chai, na ukikataa anauliza kama mmegombana.

Presha ndiyo iliyommaliza figo. Aliidharau kwa miaka mingi, akisema kichwa kinauma kwa sababu ya kaka yake. Siku alipokubali kupimwa, mafigo yote mawili yalikuwa yamechoka. Ikawa kila wiki, tena na tena, anateremshwa mjini kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, anarudi rangi ya majivu, anatapika njia nzima. Ni daktari wa mjini hapo hapo aliyemwandikia avute bangi kidogo apate kula. Ilimsaidia, sitasema uongo. Bila ule msokoto baada ya mashine asingeweza hata supu.

Ndipo akapelekwa hospitali kubwa ya kusini, kule wanakopandikiza figo. Wakampima moyo, mapafu, mpaka meno. Wakamuuliza ana nani wa kumpikia, akanitaja mimi, jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa na shida. Halafu wakampima damu wakakuta bangi, wakamwambia hapana. Aache kabisa, damu ionekane safi kwa miezi, ndipo jina lake liingizwe kwenye foleni ya wanaosubiri figo. Wakamweleza kwamba dawa za kulinda figo jipya hulaza kinga ya mwili, na kwenye majani ya bangi huishi kuvu isiyomsumbua mtu mzima wa afya, lakini yeye ingemla mapafu. Tena bangi yenyewe huzivuruga zile dawa ndani ya damu.

Alirudi amenuna kama mawingu. "Daktari wa huku ananiandikia nivute, wa kule ananiambia nikivuta nitakufa," akasema. "Wangeanza wao kuongea, wakimaliza waniite."

Lakini aliacha. Alinuna, alitapika, alikonda, akatukana watu wasiostahili, mimi wa kwanza. Akauweka mkasi kwenye droo pia, kwa sababu huwezi kukaa kwenye meza ya mavuno ukatoka safi. Kituo cha zimamoto cha kujitolea kikampa kazi ya kupokea simu na redio. Na mlima mzima, bila mkutano wala nini, ukaacha kuvuta mbele yake. Wazee waliokuwa hawatoki nje hata nyumba ikiungua walikuwa wakitoka kwenye mvua, kwenye ukungu, wanavuta nyuma ya matangi ya gesi kama watoto wa shule. Damu ikawa safi, jina likaingia kwenye foleni. Akatia saini kwamba hatarudia, na kwamba akirudia watamtoa.

Sasa nikueleze kuhusu siagi. Karibu kila friji ya huku ina siagi ya aina mbili, ya kawaida na ile iliyopikwa na bangi kwa ajili ya keki na biskuti. Ili bibi fulani asije akaipaka kwenye mkate wa asubuhi akashindwa kwenda kanisani, ya bangi hufungwa mpira wa kijani. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ndivyo tulivyozoea, na mtoto wa huku huujua mpira wa kijani kabla ya kujua kusoma.

Jirani yetu Thaddeus Quimby, tunamwita Tad, ni mzee mwenye ndevu za kusuka na moyo laini kuliko ubongo. Kila mwaka kituo cha zimamoto huandaa Jumapili ya chapati za maji ili kuchangia magari yake, na kila mtu huleta chakula. Tad aliona uchungu kwamba Rowena huja, hukaa, halafu hali chochote kwa sababu ya chumvi, aliyokatazwa na madaktari. Akaamua kumwokea mkate wa boga changa, mtamu, usio na chumvi hata chembe. Akatafuta kwenye friji yake siagi isiyo na chumvi, akaipata pakiti moja, akafurahi. Haikuwa na mpira.

Rowena alipouona mkate ule wa kwake mwenyewe, umefunikwa kitambaa safi, machozi yalimlengalenga. Akala kipande, akala cha pili. Tad amesimama pale anatabasamu kama bibi harusi.

Kama saa moja baadaye nilikuwa kwenye jiko nageuza chapati nilipomsikia wifi yangu anacheka. Nikageuka. Anacheka peke yake, anautazama mpira wa kuzimia moto uliokunjwa ukutani, anaucheka kama umemwambia kitu. Nilimjua kwa kicheko hicho ujana wangu wote. Nikaacha chapati ziungue.

"Wifi," akaniambia polepole, kicheko kikamkauka usoni, "nimekula nini?"

Nikamshika Tad mkono nikampeleka nyuma ya gari la zimamoto.

"Siagi uliitoa wapi?"

"Kwenye friji. Ile isiyo na chumvi."

"Tad, ya bangi hupikwa kwa siagi isiyo na chumvi."

"Najua. Lakini haikuwa na mpira." Kisha akashika ndevu. "Kulikuwa na mpira chini, kwenye droo ya mboga. Umekatika. Nikadhani ni wa mchicha."

Harufu hakuisikia kwa sababu pua yake ilikufa miaka mingi iliyopita kwa moshi, na ukijani hakuuona kwa sababu boga lenyewe ni la kijani. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Akakaa chini kwenye saruji.

Tulimpeleka Rowena nyumbani akalala. Alipoamka kichwa kimetulia, jikoni kwake kulikuwa kumejaa washauri. Mmoja anataka anywe siki, mwingine anasema akae mvukeni atoe jasho. Clyde akasema la maana kuliko wote, yaani baya kuliko wote: kipimo kijacho bado kiko mbali, vipande viwili tu vitakuwa vimeshatoka mwilini, na anayekaa kimya hajasema uongo. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia, kwa nini nifiche. Hilo figo nililitaka kuliko nilivyotaka ukweli.

Rowena alisikiliza mpaka tukamaliza. "Kuna mtu atakufa, na watu wake watasema mchukueni figo, mpeni mwingine," akasema. "Mnataka nilipokee huku nimewaficha kitu? Nitalala nalo vipi?"

Jumatatu akapiga simu mwenyewe, mbele yangu. Aliyeshughulika naye hospitalini ni nesi Imelda Bautista, Mfilipino, mwanamke mfupi ambaye hata madaktari humpisha mlangoni. Rowena akaeleza yote, mkate, siagi, mpira. Mimi nimebandika sikio karibu na lake.

"Dada Rowena," Imelda akasema, "nani mwingine anajua?"

"Mlima mzima."

"Basi njoo kesho, nikutoe damu. Na huyo mpishi wako uje naye."

Tad alivaa suti. Sikujua kama ana suti. Tulipofika, madaktari watatu wakiwa wamekaa, akafungua mfuko akatoa chombo cha plastiki, ndani kipande cha mkate kilichobaki, na pembeni yake ule mpira uliokatika.

"Mzee," Imelda akamwambia, "umeniletea bangi hospitalini?"

"Nimeleta ushahidi, mama."

Daktari mmoja aliinamisha kichwa akajifanya anakohoa. Imelda akauchukua mpira, akaugeuza geuza, chombo akamrudishia. Akaniuliza mimi kama habari ya mpira wa kijani ni ya kweli au wametunga njiani. Nikamwambia aende nyumba yoyote ya mlimani afungue friji.

Uamuzi ulikuja kwa simu wiki iliyofuata. Hawakumtoa. Walimsimamisha, maana yake nafasi yake ipo na siku zinaendelea kuhesabika, lakini hata likipatikana figo linalomfaa hataitwa mpaka damu ionekane safi tena na tena. Imelda alisema wazi kwamba kama wangeikuta bangi wao wenyewe kwenye damu kabla hajasema, angemtetea vipi? Rowena alikata simu, akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Hawakunifukuza," akasema. Akairudia siku nzima. Angeweza kuililia miezi iliyopotea, angeweza kumlaani Tad mpaka ndevu zidondoke, na mimi nilikuwa tayari kumsaidia. Yeye alichukua gari akaenda kwa Tad, kwa sababu Tad alikuwa hatoki ndani.

Ndipo mzee huyo akatangaza kwamba anampa Rowena figo lake. Tulimwambia hata mtoaji hutakiwa aache kuvuta. Akaacha. Tad, ambaye alivuta tangu akiwa kijana asiye na ndevu, aliacha siku hiyo. Mtu aliyevuta miaka yote hiyo haoti, na akiacha, ndoto zote za maisha zinamrudia kwa pamoja. Kila asubuhi alikuja kutusimulia. Amefukuzwa na batamzinga. Marehemu mama yake amemkuta uchi sokoni. Alikonda, akawa anatetemeka, akawa mkali kama mimi. Mwishowe wakampima, wakakuta ana sukari, wakamwambia asante lakini hapana. Alirudi kwenye msokoto jioni ile ile, nyuma ya ghala lake, mbali na upepo wa kwetu. Rowena alisema figo hakupata, lakini kuna mtu ameota batamzinga kwa ajili yake, na hilo si watu wengi wanaweza kujivunia.

Damu ikawa safi, ikawa safi tena, jina likarudi kamili. Simu ilikuja mchana, amefungwa kwenye mashine, mimi nimekaa pembeni nafuma.

"Uko wapi, dada?" Imelda akauliza.

"Nitakuwa wapi? Nimefungwa."

"Watakufungua. Uje moja kwa moja. Na mkate je?"

"Tangu siku ile sijala hata sandwichi ya mtu."

Vijana wa zimamoto walituteremsha kusini kwa gari la kituo, bila king'ora ingawa Clyde aliomba.

Sitasimulia upasuaji, nililala kwenye kiti mdomo wazi. Nitasimulia asubuhi ya baadaye, nesi alipoingia ameinua mfuko wa mpira wa mkojo, umejaa, wa manjano safi. Rowena alikuwa hajakojoa kitu cha maana kwa miaka. Alinyoosha mkono akaugusa ule mfuko kama shavu la mtoto. Clyde, mwanamume wa futi sita, alilia kwa ajili ya mkojo wa dada yake. Kisha wakamletea maji, bilauri nzima, wakamwambia kunywa, na hii ikiisha tunakuletea nyingine.

Ni figo la nani hawakutuambia. Rowena humwita mgeni. Mgeni anapenda maji, husema, mgeni hapendi baridi, tumpumzishe mgeni. Kila Krismasi huweka kiti kimoja cha ziada mezani kwa ajili ya watu wa yule mgeni, popote walipo, na ole wako uweke koti lako pale.

Jumapili ya chapati za maji iliyofuata, Tad alikuja na mkate wa boga. Ukumbi mzima ukaacha kula. Aliuweka mezani, akajikatia kipande kikubwa, akala, akakaa kwenye kiti mbele ya Rowena mikono magotini, ili watu wote wamtazame kwa saa nzima na kuona kama kimemfanya chochote. Tukamtazama. Shida ni kwamba Tad hucheka hata bila kitu, na Rowena alipomwona anajizuia akaanza kucheka yeye.

Saa ilipoisha wifi yangu alikata kipande chake. Alikishushia kwa maji, bilauri mbili.