Mwenye Duka Aliyeshusha Bei Kuliko Mimi

Juzi nilitoka Koboko kwenda Arua kununua pikipiki mpya. Dukani nilimkuta mwanamume akipangusa kiti cha ile niliyoitamani, nikajua huyu ndiye mwenye duka.

"Ndugu yangu, tufanye milioni tano," nilisema.

"Tano iko mingi," alijibu. "Mimi nasema nne na nusu."

Sijawahi kuona mfanyabiashara mwenye huruma kiasi hicho! Nikazidi kumjaribu. "Nne?"

"Nne iko sawa kabisa!"

Tukapeana mikono tukicheka. Nikatoa pesa nimkabidhi, naye akatoa zake anikabidhi.

Tukabaki tumenyoosheana noti. Ndipo mama mmoja alipotokea chumba cha nyuma.

"Wateja wangu, mnauziana pikipiki yangu? Hiyo bei yake iko milioni saba."