Nyuma ya Picha

Ijumaa, siku yetu ya mapumziko hapa ughaibuni, ibada ikiisha kanisani kule Mesaimeer, tunapanda basi hadi The Pearl, bandari ya matajiri, kupigwa picha na maboti ya watu. Kuna tajiri asiyejua kwamba boti lake limekwisha kufika Busia, Machakos na Jinja, kila mara likiwa na mmiliki mpya.

Mpiga picha ni mimi, kwa kuwa niliropoka siku moja kwamba nilikulia katika studio ya mjomba. Kwa mjomba kulikuwa na mkanda na negativu, na picha ilisafishwa gizani, ukaichukua wiki iliyofuata. Wenzangu, manesi na walinzi wenye akili zao, wakisikia "negativu" wanadhani nimetoka kupimwa ugonjwa. Kusafisha nako siku hizi ni kuondoa chunusi.

"Madam, weka potreti, tia blaa hapo nyuma pawe na ukungu, alafu unirushie saa hii nipost," wananiamrisha, na fundi mzima natii.

Asiyetaka maendeleo haya ni mama yangu. Miaka yote nimemtumia picha kwa simu ya kaka yangu, mimi na boti, mimi na boti jingine. Juzi akaniambia, "Hizo umenionyesha. Hujanipa hata moja. Kaka yako akiondoka na simu yake, mimi nabaki na ukuta."

Nikamweleza, kwa subira ya mtu aliyesoma, kwamba nimemshea zote na ni zake.

"Na nyuma umeniandikia nini?"

Kwetu picha hupewa mtu ikiwa imeandikwa mgongoni: ya nani, kwa nani, na neno moja la moyoni. Bila hayo ni karatasi tu. Simu yangu ya bei mbaya ina kamera tatu na haina mgongo wa kuandikia.

Nikaenda duka la picha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kuchapisha moja, ile niliyovaa gauni refu mbele ya boti. Kijana wa pale akauliza kama ninataka nilainishwe ngozi. Nikamwambia anayeipokea anaijua ngozi hiyo tangu siku ya kwanza. Akasikitika, akaichapa.

Chumbani nikashika kalamu. Mimi ninayewatungia wenzangu maneno matamu ya kuweka chini ya picha, nikakosa la kumwandikia mama. Kila nililolianza lilikuwa la uongo, na kwa mama, kwa mkono wangu, sikuweza. Mwishowe nikaandika: "Kwa Mama, kutoka kwa mwanao. Hapa natabasamu kwa sababu nimeambiwa nitabasamu. Nimechoka, nimekukumbuka sana." Mwenzangu aliyekuwa akienda likizo akaibeba.

Mama alipiga nikiwa kituo cha basi, nimevaa sare ya hoteli. Boti hakuliulizia, wala gauni.

"Nimeisoma," akasema. "Na zile zingine zote, mwanangu? Zote ulikuwa unacheka kwa kuambiwa?"

Basi langu likaja, likaondoka bila mimi; simu ilikuwa bado sikioni.