Aliyenizalisha Hakulowa

Usiniambie ilikuwa homa ya uzazi. Hilo nimeshaambiwa na nesi, na mchungaji, na hata mume wangu, ambaye siku ile alikuwa amesimama getini kwenye ofisi za watu huko Sandton. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwemo bafuni. Mimi nilikuwemo, macho wazi, tena mchana saa nane, na ninachokueleza nilikiona kwa karibu kama ninavyokuona wewe sasa.

Ilikuwa mwaka 2017, mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa tumepanga chumba cha uani Kensington, hapa Joburg, nyuma ya nyumba moja ya zamani. Chumba cha pili alikaa Bi Zaituni, mama wa Kitanga anayeuza kanga mjini. Sote tulitumia bafu moja, lenye beseni la kuogea la chuma, la kizamani, refu kiasi cha mtu mzima kulala akanyoosha miguu.

Mimba ilikuwa ya kwanza. Kliniki nilikwenda mara mbili tu. Mara ya pili dada wa mapokezi alisema kwa Kizulu, kisha akarudia kwa Kiingereza ili nisikose kuelewa, kwamba sisi wageni tunakuja kwao kujaza vitanda. Watu kwenye benchi walicheka. Nilitoka pale nalia, nikalia mpaka kituo cha teksi.

Nikaenda moja kwa moja kwa yaya Noella, dada yangu mkubwa, ndugu yangu pekee katika jiji hili. Alikuwa anasuka nywele katika saluni moja mjini, na wateja walimwita Dokta, kwa sababu kila aliyekaa kwenye kiti chake alisimuliwa jinsi alivyosomea ukunga kwetu Lubumbashi.

"Kule hurudi tena," akaniambia. "Wakutukane kwa nini na mimi niko? Nitakuzalisha mwenyewe, nyumbani, ndani ya maji."

"Ndani ya maji, yaya?"

"Maji ya vuguvugu, mdogo wangu. Mwili unalegea, uchungu unapungua. Mtoto anatoka majini anaingia majini. Huku matajiri ndivyo wanavyozaa."

Nilimwamini kama ninavyoiamini sala ya Baba Yetu.

Uchungu ulinishika Jumamosi asubuhi, mume wangu ameshatoka kwenda zamu. Nikampigia yaya. "Jaza beseni," akasema, "natoka sasa hivi." Kutoka mjini mpaka kwetu ni nusu saa. Nikajaza, nikaingia. Maji yakapoa, nikayapunguza, nikaongeza ya moto. Saa tatu. Saa nne. Saa sita. Simu yake iliita, iliita, halafu ikazimwa kabisa. Nikampigia mume wangu, akaomba gari la wagonjwa, akaambiwa linakuja. Eish, mpaka leo linakuja. Bi Zaituni alikuwa kwenye biashara yake.

Wewe umewahi kumngoja mtu hivyo? Unalisikiliza geti mpaka masikio yanauma. Ilipofika saa nane mvua ya mawe ikaanza kupiga bati, umeme ukakatika, na mimi nikahisi mtoto anasukuma. Anasukuma, halafu anakwama.

Geti halikulia. Lilikuwa na kufuli, na yaya hakuwa na ufunguo; kila alipokuja ilibidi nimfungulie. Lakini mlango wa bafu ulifunguka, naye akaingia, amevaa koti lake la saluni la rangi ya waridi.

"Yaya, ulikuwa wapi? Ulitaka nife?"

Akapiga magoti kando ya beseni, akaingiza mikono yote miwili majini, koti na yote, mpaka mabegani. Sasa ujue, dada yangu ni mtu wa maneno. Akichemsha chai anakutangazia. Huyu alisema "pumua", akasema "ngoja", basi. Nikahisi vidole vyake, baridi sana, vinazunguka ndani ya maji, vinafungua kitu taratibu.

"Kitovu kimemzunguka shingo," akasema, kama mtu anayekuambia kamba ya kiatu chako imefunguka. Kisha akasema, "Haya, sasa."

Mwanangu akatoka. Nilimwona chini ya maji amefumbua macho, ananitazama. Sijui nilimwona kwa muda gani. Uzuri ule sitauona tena maishani.

Akamwinua, akamlaza kifuani kwangu. Hapo ndipo nilipoona. Mikono ya koti lake ilikuwa mikavu. Maji yalibingirika, yakadondoka kama yanavyodondoka kwenye jani la gimbi, hayakuacha hata unyevu. Nikatazama sakafuni alipopiga magoti, palipokuwa pametota maji niliyoyamwaga mimi mwenyewe. Magoti makavu.

"Yaya?" nikasema, ingawa nilishajua.

"Noella ameogopa," akasema, kwa mdomo wa Noella. "Nimekuja mimi."

Unadhani nilipiga kelele? Nilimwambia, "Usiniache." Huo ndio ukweli wangu. Vyovyote alivyokuwa, yeye alikuwa amekuja.

Akafunga kitovu kwa uzi mweusi wa kusukia nywele, akakikata kwa wembe, akakaa nami mpaka kondo la nyuma lilipotoka. Alipofika mlangoni akageuka.

"Watakuuliza nani amekuzalisha. Kazi hii usiseme ni ya Noella. Hajui."

Bi Zaituni ndiye shahidi wangu. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia na kufunga kufuli, akamwona dada yangu anakatiza uani kwenye mvua ile ya mawe bila kujifunika kichwa. Akamwita, "Dokta, mbona waondoka mvuani?" Hakuitikiwa. Yule alizunguka nyuma ya jiko, ambako njia hakuna, kuna ukuta tu. Bi Zaituni hakulifikiria hilo siku ile. Alisikia kichanga kinalia, akakimbilia ndani, akaniona, akapiga vigelegele.

Saa kumi na moja akaja yaya wa kweli, amelowa chapachapa, kashika mfuko wa nepi. Mume wangu alishafika. Kabla yaya hajasema neno, Bi Zaituni alimkumbatia pale pale mlangoni.

"Hongera Dokta! Umefanya kazi safi! Umerudi kumtazama mzazi wako?"

Mume wangu akamshika mikono, machozi yanamtoka, anamshukuru. Yaya akanitazama. Nami nikamtazama, nikingoja aseme kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Ni Mungu tu, shemeji," akasema.

Na mimi nikanyamaza.

Tulipobaki wawili nilimuuliza alikuwa wapi. Akaanza kulia. Alifika mpaka kituo cha teksi, akarudi saluni. Hakuwahi kumzalisha mtu. Chuo cha ukunga alisoma miezi minne, akaacha, akaja huku, akaanza kusimulia.

"Niliogopa nitakuua," akasema. "Nani alikuja?"

"Wewe," nikamjibu. "Ila hukulowa."

Alinishika miguu, akaniomba nisimwaibishe. Nilikuwa na nani mwingine hapa Joburg? Na nani angeniamini? Nikajiambia, mimi sijadanganya, sijasema lolote.

Kanisani walimpa kitenge, wakamwombea mikono yake. Wanawake wakaanza kumfuata. Nilidhani atakataa. Lakini katika jiji ambalo kila mlango unakuuliza karatasi, kuitwa Dokta ni kutamu. Wa kwanza alijifungua salama, kwa bahati tu, basi yaya akajiamini.

Wa pili alikuwa Shantali, fundi cherehani kutoka Bukavu, binti wa miaka ishirini na miwili, mimba ya kwanza kama ilivyokuwa yangu. Alinifuata nje ya kanisa, akanishika mkono.

"Mama Baraka, nakuuliza wewe kwa sababu wewe ulipitia. Dokta Noella anajua kweli?"

Neno nililotakiwa kusema lilikuwa moja, tena fupi. Mimi nikasema, "Mimi nilijifungua salama."

Akacheka kwa furaha. Akaniambia aksanti.

Mtoto wa Shantali alikuja na kitovu kimezunguka shingo. Yaya hakujua la kufanya. Walimfikisha hospitali mtoto ameshakwisha. Alikuwa msichana.

Yaya alitoroka wiki ile ile. Nasikia yuko Cape Town, na nywele hasuki tena, kwa sababu hawezi kukaa mbele ya kioo. Simu zangu hapokei. Sisi tulihama ile nyumba, na siku hizi naoga kwa ndoo. Yule mwingine sijamwona tena, ingawa mvua ya mawe ikianza huwa nafungua mlango na kusimama pale kama mjinga. Kwa nini aje? Aliniomba jambo moja tu, nikamkana.

Na Shantali bado tunasali pamoja. Hana kinyongo na mimi, maana hajui. Krismasi iliyopita alimshonea mwanangu shati. Hakumpima, alimkadiria kwa macho, na likamkaa sawasawa. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamvisha.

Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, hata usiponiamini, shika hili. Mwanamke mwenye mimba akikuuliza swali la ndiyo au hapana, mjibu. Hata kama jibu lako litamwangusha ndugu yako wa damu. Hata kama watasema uzazi umekuharibu akili. Mjibu pale pale, angali ameushika mkono wako.